Gemu ya anga ikishaboronga siku ya kwanza, apdeti zinaweza kuisafisha? (No Man's Sky, Starfield na wenzao)

#1 Mchimba Plutoni
Wakuu salaam.

Kila Starfield ikitajwa humu lazima atokee mtu na wimbo wake: "Subirini tu, No Man's Sky nayo ilianza hivihivi." Wimbo huo umenichosha, leo tuujadili kiutu uzima.

Tukumbushane kwanza. No Man's Sky ilitangazwa Desemba 2013, ikatoka Agosti 2016 kwa dola 60, bei ya gemu kubwa kabisa za wakati ule. Katikati hapo Sean Murray, bosi wa waliounda gemu, alizunguka kwenye majukwaa mpaka runinga za Marekani. Akiulizwa kama wachezaji wataweza kukutana, anajibu ndiyo, ila uwezekano ni mdogo kwa kuwa anga ni kubwa mno. Gemu ikatoka. Siku ya kwanza tu watu wawili wakaelekezana, wakafika sayari moja, wakasimama sehemu moja huku wanarusha mubashara. Hakuna aliyemwona mwenzake. Suala halikuwa uwezekano mdogo. Kitu chenyewe hakikuwemo.

Leo kimo, na vingine mia vimo. Sikatai. Ninachosema ni kwamba hii ya leo ni gemu nyingine iliyovaa jina la ile. Aliyelipa dola 60, akacheza wiki mbili, akaigawa diski kwa hasira, yeye hajasafishiwa chochote. Na hizi sifa tunazowamwagia "waliojirudi" ndizo zinazoyapa makampuni mengine ujasiri wa kuuza gemu nusu na kutuambia tusubiri.

Nawasilisha. Mashabiki mje kwa hoja, matusi yaacheni mlangoni.

#2 Kiti cha Mbele
Nimeshakaa. Anayepita aniletee kahawa na kashata.

#3 Binti Chake
Hasira za 2016 mpaka leo, kha! Utapata presha bure.

Haya tuhesabu. Novemba 2016, miezi mitatu na ushee baada ya gemu kutoka, ikaja apdeti ya Foundation: kujenga makazi, kumiliki meli kubwa za mizigo. Machi 2017 Pathfinder, magari. Agosti 2017 Atlas Rises, hadithi mpya na milango ya kukurusha sayari za mbali. Julai 2018 NEXT, hapo ndipo kucheza pamoja kukaja kweli kweli. Agosti 2019 Beyond, ukaweza kucheza na miwani ya VR. Hazijakoma. Agosti 2025 wametoa Voyagers: unaunda meli yako kipande kwa kipande, unatembea ndani huku inaruka, ukitaka unafungua mlango na kujitupa nje angani.

Bei ya vyote hivyo? Bure, bwana. Hakuna aliyedaiwa hata senti juu ya ile aliyolipa mwanzo. Nitajie wengine waliofanya hivyo kwa miaka yote hiyo, halafu tuendelee.

#4 chalii wa Sakina
Mimi sikuwahi kuelewa hii gemu. Sayari milioni 18 unazifanyia nini sasa? Sony walikuwa wanatafuta hela ya haraka tu, wakakwama, wakaanza kutia viraka.

#5 Fundi Seva
Chalii, mambo mawili umeyachanganya.

Sony hawakuiunda. Ni Hello Games, ofisi ndogo ya Guildford kule Uingereza. Timu nzima ilikuwa watu kama 15 hivi, na kabla ya hapo walijulikana kwa Joe Danger, gemu ya pikipiki. Sony waliipigia debe na kuitoa kwa diski ya PS4.

Pili, milioni 18 ni ndogo mno. Sayari ni 18,446,744,073,709,551,616. Hiyo namba haikuokotwa, ni 2 kwa kipeo cha 64, kwa sababu mbegu inayozaa sayari ni namba ya biti 64. Ukikaa sekunde moja tu kwenye kila sayari utahitaji zaidi ya miaka bilioni 580.

Hapa ndipo lilipo jibu langu kwa mwanzisha uzi. Sayari hizo hazijahifadhiwa popote. Unapoisogelea, mashine inachukua mbegu yake, inapiga hesabu, inakuchorea milima, rangi ya anga, wanyama. Ukiondoka inaitupa, ukirudi inapiga hesabu ileile na unakuta mlima ulipouacha. Ndiyo maana mwaka 2016 gemu nzima ilikuwa kama GB 6 wakati Starfield inataka zaidi ya GB 100. Sasa ukiwa na mtambo wa namna hiyo, ukaboresha kanuni ya maji au ya mawingu mahali pamoja, anga yote imeboreka. Worlds Part I ya Julai 2024 ilifanya kazi hiyo hasa. Watu wachache wanaiweza.

Starfield ni kazi ya mikono: miji, mazungumzo, misheni. Ukitaka kubadilisha hayo lazima mwandishi akae aandike upya na waigizaji warudi studio. Kwa hiyo swali lisiwe kama apdeti zinasafisha. Tuulize kwanza kilichoharibika ni kipi.

#6 Mzee wa Pedi
Mimi nina kibanda cha PS, nitaongea upande wa diski.

Diski ya No Man's Sky ya 2016 ukiikuta kwa wauza gemu za mtumba leo, ukaiweka kwenye PS4 isiyo na intaneti, inayowaka ni ile ya mwanzo kabisa. Hata apdeti ya siku ya kwanza haimo. Kuna kijana aliinunua kwa muuzaji mmoja hapa mjini, akaapiwa kwamba "hii ndiyo ile ya kujenga na kucheza na washkaji". Akaja nayo kibandani kifua mbele. Kuiwasha, kajikuta yuko sayari ya vumbi, meli imekufa, kaambiwa avunje mawe. Kavunja mawe mawili matatu, begi limejaa. Ikabidi aanze kutupa vitu chini ili apate nafasi ya zile fuwele nyekundu za plutoni za kuiinua meli. Akaruka, akatua, akahitaji plutoni tena. Pa kujenga hakuna, gari hakuna, mshkaji hakuna. Akaniambia, "Mzee, hii ni feki."

Siyo feki. Ni yenyewe kabisa, ndiyo waliyouziwa watu 2016. Nikamuwashia hotspoti usiku, apdeti ikashuka, asubuhi akakuta gemu nyingine.

Naomba mnisaidie, hiyo iliyosafishwa inakaa wapi? Maana kwenye diski haimo. Siku seva zikizimwa, kitakachobaki mkononi ni yale mawe.

#7 Binti Chake
Mzee wa Pedi, bando la hotspoti alilipa nani?

#8 Mzee wa Pedi
Mimi, dada yangu. Nikamdai soda, hajalipa hadi leo.

#9 Mbeba Boksi
Niko huku Uingereza, niongeze kidogo upande wa sheria maana watu hupenda kusema "waliiba".

Kuna wateja walipeleka malalamiko ASA, wasimamizi wa matangazo wa huku, kwamba picha na video za kwenye ukurasa wa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hazifanani na gemu. Uamuzi ulitoka Novemba 30, 2016, na malalamiko hayakupita. Kwa kuwa gemu inajizalisha yenyewe, hakuna mchezaji atakayeona mnyama yuleyule wa kwenye tangazo, na vilivyoonyeshwa vilikaribiana vya kutosha na vilivyomo.

Lakini msome vizuri. Walichopima ni ukurasa wa duka. Maneno ya mdomoni ya miaka karibu mitatu, nani ataona na nani atakutana na nani, hayakuwa mezani. Ndiyo maana mtu anaweza kusema "walisafishwa na wasimamizi" na mwingine "walituingiza mjini", na wote wawili hawajadanganya.

#10 Msee wa Umoja
Si Steam walirudishia kila mtu pesa lakini? Hadi wenye walikuwa wamecheza masaa hamsini. Hapo mlalamishi alilia nini tena.

#11 Mbeba Boksi
Huo ulikuwa uvumi, mkuu. Ulisambaa mpaka Steam wakaweka tangazo kwenye ukurasa wa gemu kwamba utaratibu ni uleule wa siku zote na hakuna upendeleo: ndani ya siku 14, na uwe hujazidisha saa 2 za kucheza.

#12 Msee wa Umoja
Masaa mawili? Masaa mawili kwa hiyo gemu bado unatafuta heridiamu ya kurepea meli. Wacha basi.

#13 Tajiri wa Vumbi
Mnaisema Starfield kama marehemu. Nipo hapa na naicheza.

Mnazifananisha gemu mbili ambazo makosa yao hayafanani. No Man's Sky iliahidi vitu ambavyo havikuwemo. Starfield ya Septemba 2023 iliahidi sayari 1,000 na ushee, zikawemo. Iliahidi kuunda meli, na kuunda meli kwake ni raha tupu, mpaka leo naunda meli ambayo hata siendi nayo popote. Hakuna aliyedanganywa. Kilichowaudhi watu ni ladha, na mengine wameyarekebisha: Mei 2024 wakaleta ramani za maana za mijini, maana za mwanzo zilikuwa vinukta vya bluu visivyosomeka, kisha Agosti 2024 wakaleta gari, REV-8.

#14 Fundi Seva
Gari la kwenda wapi, Tajiri?

Umeendesha kilomita mbili, umefika kwenye maabara iliyotelekezwa. Unaingia: korido ileile, maiti ileile imelala pembeni ya meza ileile, na karatasi yenye ujumbe uleule uliousoma sayari ya jana. Hiyo gari imekuharakisha tu kufika unapopajua. Halafu kila ukitaka kutua au kuondoka unakatishwa na skrini ya kusubiri. No Man's Sky hata ile mbovu ya 2016 ulikuwa unatoka angani, unapasua mawingu, unatua kando ya mto, bila kukatwa popote. Hilo ndilo watu walilipenda kwenye trela na hilo walipewa. Kilichokosekana ni cha kufanya ukishatua, na cha kufanya kinaongezeka kwa apdeti. Kuondoa zile skrini za Starfield ni kugusa msingi wa injini yao.

Na kumbuka Shattered Space, nyongeza ya Starfield ya Septemba 2024. Hiyo ilikuwa ya kulipia, na maoni Steam yakawa mabaya kuliko ya gemu yenyewe.

#15 Tajiri wa Vumbi
Nilijua utaileta ile maiti. Kila uzi unaileta. Umuoe basi.

#16 Kiti cha Mbele
😂😂 Kashata zimefika.

#17 Kapteni Mstaafu
Mbona hakuna anayeitaja Elite Dangerous? Hii mada mnaisoma upande mmoja, kwamba gemu mbovu inapandishwa na apdeti. Kuna gemu nzuri iliyoshushwa na apdeti.

Elite ya kampuni ya Frontier ilitoka Desemba 2014. Anga yake ni Njia ya Maziwa (galaksi yetu) nzima kwa kipimo chake halisi, mifumo ya nyota kama bilioni 400. Mei 19, 2021 wakatoa nyongeza ya Odyssey ili watu waweze kushuka kwenye chombo na kutembea kwa miguu. Ilikuwa ya kulipia, na siku hiyo kompyuta zenye nguvu zilitambaa. David Braben mwenyewe, ambaye Elite ya kwanza ya 1984 ilitoka mikononi mwake na Ian Bell, akaomba radhi. Watu wa konso wakaambiwa wangoje, kwanza PC itengemae. Wakangoja. Machi 2022 wakaambiwa basi, kwa konso hakuna tena maendeleo.

Sasa angalieni kinachofuata. PC waliendelea: mwaka 2024 meli mpya zikaanza kuja tena, Februari 2025 Trailblazers ikaruhusu wachezaji kuanzisha makoloni. Huko PC utaambiwa Elite imefufuka. Muulize mwenye PS4 au Xbox. Gemu ileile, kampuni ileile, apdeti zilezile, mmoja anashukuru na mwingine anasonya. Mwanzisha uzi uko sahihi nusu: kusafishwa kunategemea ulikuwa umekaa upande gani.

#18 Mchimba Plutoni
Kapteni, asante. Nusu uliyonipa nimeipokea, nyingine nitakuja kuidai.

Binti Chake, kuhusu "bure". Fundi cherehani kachukua hela yako yote ya suti ya harusi. Siku imefika, kakupa koti lisilo na mikono. Mwezi baadaye analeta mikono, mwaka ujao analeta kizibao, miaka kumi baadaye bado analeta tai mpya bila kukudai. Nitamsifu kwa uungwana. Lakini picha za harusi nilipiga na nini?

#19 Binti Chake
Mwaka 2016 mimi nilikuwa shule ya msingi. Harusi yenyewe sikualikwa, ndugu yangu. Nimefika dukani nimekuta suti kamili, imeshushwa bei, na fundi kila akipita ananiongezea mfuko. Uninyime kuivaa kwa sababu wewe uliaibika?

Wengi tunaocheza leo hatujui hata hayo matangazo yalisemaje.

#20 Nyakato
Naungana na Binti kidogo, ila nadhani amefichua jambo bila kukusudia. Hatujui matangazo yalisemaje! Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Mtu anayenunua leo kwa punguzo, bila kuahidiwa kitu, ataona kila kitu ni ziada. Kilichoshuka ni matarajio, na gemu imekaa pazuri kwa sababu hakuna tena anayeipima kwa ile trela.

Ushahidi mwingine uko nje ya anga. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020 ikiwa hoi kwenye PS4, Sony wakaiondoa dukani kwao baada ya kama wiki moja na kurudishia watu hela, ikarudi Juni 2021. Wanaoisifu leo wengi waliingia Septemba 2023, toleo la 2.0 na nyongeza ya Phantom Liberty, tena kwa mashine mpya. Waliocheza kwenye PS4 ya zamani hawakuwahi kufika huko. Hayo ya 2023 hayakutolewa kwa PS4.

#21 Msee wa Umoja
Nyakato hapo umegonga ndipo. Na ongeza hii: Murray alinyamaza. Baada ya Agosti 2016 jamaa alipotea miezi, hakuna mahojiano, hakuna kujitetea, watu wakamtusi wakachoka. Aliporudi, anaposti emoji moja tu mtandaoni. Mashabiki wanakesha wakibahatisha maana yake, siku si nyingi apdeti hiyo. Hakuna ahadi ya kumshika nayo. Angekuwa bado anaongea kama 2014, hata hizi Voyagers watu wangezilalamikia.

#22 Mchimba Plutoni
Kunyamaza miezi huku una hela za watu nako ni sifa? Sasa nimesikia yote.

#23 Mtoza Ushuru
Nyote mnazunguka. Ni hela, hakuna kingine.

Watu kama 15. Gemu imeuzwa dola 60 duniani kote, Steam peke yake siku ya PC kutoka walikuwemo zaidi ya 200,000 kwa wakati mmoja. Hata ukikata fungu la duka, la Sony, na waliorudishiwa hela, kampuni ya ukubwa huo imebaki na mtaji wa kuishi miaka mingi. Hakuna wanahisa wa kuuliza mbona mwaka huu hamjatoa gemu mpya. Wakachagua kurekebisha. Kila apdeti kubwa ikija, wapya wananunua: NEXT ya 2018 iliwarudisha zaidi ya 90,000 kwa mpigo Steam. Kwa hiyo "bure" nayo ni biashara, tena nzuri.

Chukua Anthem, gemu ya kampuni ya EA, sasa. Februari 2019 ikatoka ikaboronga. Kukawa na timu ndogo ya kuisuka upya. Februari 2021 makao makuu yakapiga hesabu, yakafuta mradi. Seva zake zikazimwa Januari 2026. Nia ya kurekebisha ilikuwepo, tatizo mwenye nia hakuwa mwenye mfuko.

Na jambo la kumchekesha mwanzisha uzi: zile dola 60 zako ndizo zilizolipia NEXT.

#24 Mzee wa Pedi
Yaani walionuna ndio wafadhili 😂

#25 Mchimba Plutoni
Mfadhili anaulizwa kwanza, Mzee. Mimi sikuulizwa.

#26 Nyakato
Mtoza, hela haielezi yote. Star Citizen, gemu nyingine ya anga, inachangisha tangu 2012, imeshavuka dola milioni 700, na gemu kamili bado haijatoka. Kama ni mfuko, huo hapo.

#27 Mtoza Ushuru
Star Citizen siyo gemu iliyoboronga. Ili uboronge lazima kwanza utoke.

#28 Kiti cha Mbele
Hii naiweka kwenye status.

#29 Mpweke wa Euclid
Nimesoma uzi wote kimya, ngoja niwavuruge.

Mnakubaliana kitu ambacho mimi sikikubali, kwamba ile ya 2016 ilikuwa mbovu. Mimi naipenda ile. Ilikuwa kavu, ndiyo. Huna rafiki, huna kituo cha watu kupiga soga, huna orodha ya kazi inayokufuata kila hatua. Unatua kwenye sayari ya mvua ya sumu, kinga inashuka, unakimbilia pango, unakaa humo unasikiliza dhoruba na muziki wa 65daysofstatic. Halafu unaondoka na hutarudi tena. Upweke ndio ulikuwa utamu wake.

Leo nikiwasha naitwa huku na huku. Kuna kufuga wanyama, kuna uvuvi (ndiyo, kuna kuvua samaki tangu 2024), kuna makazi ya kuongoza kama mwenyekiti wa mtaa. Na NEXT ilipokuja, waliokuwa wanacheza muda mrefu walirudi wakakuta madini waliyoyakusanya yamefutwa kwenye kanuni: Thamium9 hakuna, heridiamu hakuna, plutoni hakuna. Nyumba nyingine zikabidi zijengwe upya. Hapo mnasema gemu ilisafishwa. Sisi wachache tunasema yetu ilichukuliwa.

Mzee wa Pedi, yule kijana wako na diski yake "feki" bado anaitaka? Mwambie niko tayari kuinunua.

#30 Binti Chake
Subhanallah, kuna mtu anataka yale mawe.

#31 Fundi Seva
Mpweke hajakosea, na wapo wengi kuliko mnavyodhani. Ila nimpe tahadhari za kiufundi. Akiichukua hiyo diski, PS4 asiiunganishe na mtandao kabla hajazima apdeti za kujishusha zenyewe, la sivyo ataamka na Voyagers. Na faili alilohifadhia toleo la sasa halitafunguka kwenye lile la zamani, aanze sifuri. Pia akumbuke apdeti ya siku ya kwanza yenyewe ilibadilisha mambo mengi, na kabla ya uzinduzi walifuta seva. Kwa hiyo "ile ya 2016" aliyoicheza huenda si ile iliyomo kwenye diski. Kuna ya kwenye diski, ya wiki ya kwanza, ya Novemba baada ya Foundation. Amuulize moyo wake anataka ipi.

#32 Mpweke wa Euclid
Ya wiki ya kwanza.

#33 Fundi Seva
Hiyo haiuzwi popote, mkuu.

#34 chalii wa Sakina
Mmeniacha mbali lakini nimeanza kutamani kuijaribu. PS4 yangu ni ile ya kawaida, siyo Pro. Itabeba hizo apdeti mpya au ndiyo yale ya Elite?

#35 Binti Chake
Inabeba, chalii. Voyagers imetoka mpaka PS4. Miji mikubwa ya kujengwa na wachezaji itakukwaza kidogo, mashine itahema, lakini utacheza. Subiri punguzo, huwa yanakuja mara kwa mara.

#36 Mzee wa Pedi
Mpweke, nimeongea na kijana. Anasema haiuzi tena, ameshajenga nyumba humo. Nimemwambia diski na nyumba ni vitu viwili, hanielewi. Nitamtafutia nyingine kwa yule muuzaji, zipo mbili rafu ya chini zimepigwa vumbi. Njoo PM.

#37 Msee wa Umoja
Swali kwa mwanzisha uzi tu. Hawa Hello Games Desemba 2023 walitangaza Light No Fire, sayari moja tu lakini ukubwa wa dunia, watu wote mkae humo pamoja. Ikitoka, siku ya kwanza unalipa?

#38 Mchimba Plutoni
Sayari moja, "watu wote pamoja". Maneno ninayakumbuka.

Nitalipa siku ya pili.

#39 Kapteni Mstaafu
Mchimba bwana 😂 Mtoza Ushuru, mwandike kwenye orodha ya wafadhili.

#40 Tajiri wa Vumbi
Na mimi wakati huo nitakuwa bado na meli zangu, mnaoniulizia. Fundi Seva, nimepita ile maabara leo. Maiti inakusalimia.